Jina Kabla ya Langu

Jina la ndugu yangu sitalitaja hapa. Usikae ukingoja niteleze. Tangu tulipomzika nyuma ya boma la baba kule Bissil, hakuna mtu wa kwetu amelitamka, na si mimi nitakayeanza. Kwetu, sisi tunaosema Kimaa, aliyekwenda anaachwa aende. Humwiti. Ukilazimika sana unasema "yule", na kila mtu anajua ni nani, na mazungumzo yanaendelea. Hata mama, ambaye soko zima la Bissil lilikuwa likimwita kwa jina la kifungua mimba wake, siku hizi wanamwita Mama Seleyian. Seleyian ni mimi.

Na kabla hujanikunjia uso, sisi ni watu wa kanisa. Mama ni wa kwaya, mimi nimebatizwa, na mambo ya majina ya wafu ungeniuliza mwaka jana ningekucheka. Ningekuambia hayo ni ya nyanya zetu. Basi nilikuwa sijafiwa. Nilikuwa najisemea tu.

Tulikuwa darasa moja, yeye na mimi, katika kampasi ile ya Kitengela iliyo ghorofani juu ya duka la mabati na simiti. Tulikuwa tunasomea ualimu. Yeye alikuwa mkubwa wangu, lakini alikaa nyumbani na ng'ombe mpaka nikamaliza sekondari, ati hawezi kuanza chuo peke yake, mji utamla. Siku ya kusajiliwa tulipanga foleni pamoja, yeye mbele, mimi nyuma, yeye amenibebea begi. Kwa hivyo nambari zetu zikafuatana. Kwenye rejista linakuja jina lake, halafu langu. Tulifurahi sana siku hiyo, tukaenda kula chipsi.

Dakta Githongo ndiye alitufundisha somo la mwongozo na ushauri, yaani namna ya kumsaidia mwanafunzi aliye na shida. Wacha nicheke kwanza. Siku ya kwanza alitutajia sheria zake huku akitembea mbele ya ubao, mikono nyuma. Anayechelewa asigonge mlango. Jina linaitwa mara moja, halirudiwi. Anayetoka majina yakiitwa ametoka, na siku hiyo hakuwepo. Asiyefikisha robo tatu ya vipindi hafanyi mtihani, hata awe mtoto wa gavana.

"Sheria zangu si ukatili," alisema. "Ndiyo njia yangu ya kuwapenda."

Ndugu yangu akaniinamia. "Huyu akikupenda sana si atakuua?"

Nilicheka mpaka nikaonywa. Na ujue, Dakta hakuwa mtu mbaya. Ningependa sana awe mtu mbaya, ingenisaidia.

Mvua za Aprili zilipokuja, ndugu yangu alienda nyumbani wikendi kumsaidia baba kuvusha ndama. Mto wenyewe mwaka mzima ni mchanga, watoto wanachezea mpira humo. Siku hiyo ulikuwa umejaa, ukashuka na miti na mizoga. Ndama walivuka wote. Hayo yanatosha, siwezi kuongeza.

Baada ya mazishi, mama hakusema mengi. Siku niliyorudi chuoni nilimwinamishia kichwa anibariki, akakishika kwa mikono miwili, akakaa nacho muda mrefu. Halafu akasema, "Wewe umalize." Basi. Hakusema "wewe angalau", hakusema "kwa ajili ya nani". Mtoto mmoja alikuwa amebaki wa kumvalia mama lile joho jeusi la kuhitimu, na mtoto huyo ni mimi.

Nilirudi darasani nikiwa nimejikaza. Na sitakuwa mwongo, wenzangu walinipokea vizuri. Mumbi, kiranja wetu, alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Walikuwa wameninakilia noti zote. Kahiga, ambaye huwa hampi mtu hata peremende, aliniletea mkate mzima. Mafuriko yalikuwa yamekata barabara wakati wa mazishi, hawakuweza kufika, na hilo liliwauma kweli.

Kwa hivyo walikuwa wamenifanyia kitu. Mumbi alisimama mbele ya darasa, macho yamejaa.

"Seleyian, tumeomba ofisi wasifute jina la ndugu yako. Litabaki kwenye rejista mpaka muhula uishe. Na likiitwa, sisi sote tutamwitikia. Hatakuwa absenti hata siku moja."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa bado nashangaa nijibu nini, na Dakta Githongo ameshaingia, amefungua rejista. Akaita wa kwanza, wa pili, akashuka nao. Akafika kwa ndugu yangu. Akasoma majina yake yote matatu, kwa heshima, polepole.

"Yuko!" darasa zima likaitikia.

Sijui nilifikaje kwenye ngazi. Nilijikuta nimeshika chuma cha ngazi, nimeinama, na huko juu nasikia jina langu linaitwa mara moja, kama sheria inavyosema. Halafu akaendelea na mwingine.

Sikiliza, namwelewa Mumbi. Yeye mwenyewe amebeba jina la nyanya yake. Kwao mtu akifa jina lake linatafutiwa mtoto, linapigiwa makelele pale uani kila siku, "Mumbi kuja! Mumbi wacha hiyo!" na nyanya anakuwa hajaenda mbali. Kwao kuacha kuita jina ndiyo kumuua mtu mara ya pili. Alinipa kitu kikubwa kabisa alichokuwa nacho. Aki ya Mungu, hakuna kitu kinachouma kama kupewa kitu hivyo na huwezi kukipokea.

Nilijaribu, usifikiri sikujaribu. Kila kipindi nilikaa karibu na mlango nikijiambia leo nitakaza meno. Nilijifunga skafu masikioni. Nilijaribu kuimba moyoni. Lakini mimi sikuweza kuitwa kabla yeye hajaitwa. Kila nikitaka kusema niko, lazima kwanza wao waseme yeye yuko. Na mimi ndiye nilimwosha matope usoni. Kila mara miguu ilininyanyua kabla hajafika hapo, na mlango ukafungwa nyuma yangu, na nikawa sikuwepo.

Wengine wakaanza kunong'ona ati naringa. Kwamba wanamkumbuka ndugu yangu kuliko mimi dadake. Hiyo ilinichoma, nikawanyamazia wote kwa hasira.

Mwishowe nikaenda ofisini kwa Dakta. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri kwenye ngazi.

"Daktari, nataka kukuomba kuhusu rejista. Kuna jina hapo."

"Jina gani?"

Unaona upuzi huo? Jambo nililokwenda kusema, siwezi kulisema bila kufanya jambo nililokwenda kukataza.

"La yule... lililo juu ya langu."

Alivua miwani akaiweka mezani. Uso wake ukawa laini kabisa, na hapo nikajua nimekwisha, maana alikuwa ameingia kwenye somo lake.

"Seleyian. Sema jina lake."

"Daktari, hapana."

"Hapa hakuna mtu wa kukucheka. Jina unalolikimbia ndilo jeraha lenyewe. Ukilisema mara moja tu utaona mzigo umepungua. Jaribu. Mimi niko hapa na wewe."

"Si hivyo. Kwetu..."

"Kwenu ni kama kwetu, mama. Kifo ni kifo." Akasukuma boksi la tishu upande wangu. "Sema tu."

Nilisimama nikabamiza mlango wake. Ndiyo, niliubamiza! Mwalimu wa ushauri, vyeti vyake vimejaa ukuta mzima, na hakuna hata kimoja kilichomwambia anyamaze amalizie kusikia. Nililia mpaka stendi ya Kitengela, na wauza mahindi wakaniuliza ni mwanaume gani amenifanyia hivyo.

Baada ya hapo sikurudi kwake. Kiburi, sema hivyo ukitaka. Kipindi cha mwisho kikaisha, na majina ya watakaofanya mtihani wa Dakta Githongo yakabandikwa mlangoni. Langu halikuwemo. La ndugu yangu lilikuwemo. Yeye alikuwa amehudhuria vipindi vyote.

Mumbi alinikuta pale nimesimama nacheka peke yangu. Akaogopa, akanivuta mpaka kibanda cha chai kule chini, akaniagizia mandazi, akanishika mkono.

"Seleyian, kwani wewe unataka nini na sisi? Tunajaribu kukusaidia, unatukimbia. Sema basi!"

Hapo nikalipuka. Nilimwambia yote, kwa sauti, wajenzi wa meza ya pili wakaacha kutafuna. Kwamba kwetu haliitwi. Kwamba si ushamba na si ushetani, ni huruma kwa walio hai. Kwamba kila "Yuko!" yao ilikuwa inanitoa mlangoni, na sasa mtihani umeenda, na mama yangu ana neno moja tu aliloniachia na siwezi kulitimiza.

Mumbi aliweka mandazi chini. "Ngai," akasema, akimwita Mungu kwa lugha ya kwao. "Ngai wakwa. Na mimi ndiye niliwafundisha kuitikia."

"Hukujua."

"Si ningeuliza! Kuuliza kuna shida gani?" Alianza kulia yeye, ikabidi nimnyamazishe mimi. Tulikuwa wawili wa kuchekwa pale kibandani.

Hapo hapo akampigia Dakta simu. Nilimsikia akianza vizuri, "Daktari, ni kuhusu Seleyian, kuna kitu hatukuelewa, pale kwenye majina," halafu akawa anasema tu, "Ndiyo. Ndiyo, Daktari. Jumamosi, tunaenda kumpa mama yake pole. Ndiyo, Bissil. Lakini Daktari, nilitaka kusema..." Akaitazama simu. "Amekata. Amesema amesikia, ataona la kufanya."

Darasa nalo akaliambia lote jioni hiyo. Walinitumia jumbe za kuomba msamaha mpaka simu ikaisha moto. Kahiga aliandika tu, "Sis, pole. Mimi ndiye nilikuwa napiga nduru kuliko wote."

Jumamosi walikuja. Mama alikuwa ameamka alfajiri kufagia, ameazima viti vya plastiki kanisani, na kuvipanga kwenye kivuli cha nyumba. Baba alikuwa ameenda na ng'ombe mbali, upande wa Namanga, kutafuta majani. Sasa baba huchunga mwenyewe. Wageni waliingia na unga, sukari, majani ya chai na leso mbili, na Mumbi akamsalimia mama "Supa" kwa sauti ya kanisani, mama akacheka. Akacheka kweli! Sikuwa nimeona meno ya mama tangu Aprili. Waliomba, na kwenye maombi wakasema "familia hii" na "mtoto wao mpendwa", na kila mmoja alichunga mdomo wake. Nilimtazama Mumbi akiwa amefumba macho, nikampenda kama ndugu.

Tulikuwa tumeanza chai ndipo gari dogo la bluu likaingia langoni, limejaa vumbi mpaka vioo. Akashuka Dakta Githongo. Alikuwa amevaa suti, na kwapani ana rejista.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, akicheka, akimshika mama mkono kwa mikono yake miwili. "Mama, mimi ndiye mwalimu wa Seleyian. Nimekuja kukupa pole. Na nimekuja kufundisha."

Mama hajui Kiswahili kingi, lakini neno "mwalimu" analijua. Akapangusa kiti bora kwa leso mpya.

Dakta alisimama mbele yetu. Nilimwona amefurahi, amepanga jambo lake. Akasema sheria ni sheria na hawezi kuivunja, maana akimvunjia mmoja atawavunjia wote. Lakini sheria haisemi darasa liwe Kitengela. Darasa ni mwalimu na wanafunzi. Kwa hivyo leo atafundisha hapa mpaka jua lishuke, vipindi vya fidia, na Seleyian atafikisha robo tatu yake, na Jumatatu atafanya mtihani kama wenzake. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Mimi niliweka kikombe chini, machozi yakanitoka, ya furaha, nakuapia. Nilimtafsiria mama haraka haraka kwa Kimaa, nitafanya mtihani, Yeyo, nitamaliza, na mama akainua mikono akamwambia Dakta, "Ashe, ashe oleng," asante, asante sana.

"Basi tuanze," Dakta akasema, akafungua rejista. "Bila kuita majina hakuna darasa."

Mumbi akaruka. "Daktari, samahani, kwanza..."

"Mumbi, keti. Tukianza tumeanza."

"Daktari, ni muhimu..."

"Keti, Mumbi. Tuheshimu nyumba ya watu."

Akaita wa kwanza. "Niko," yule akajibu kwa sauti ndogo, akimtazama Mumbi. Akaita wa pili. Nilisikia majina yakija, na miguu ikaanza kazi yake ya kila siku, ikaninyanyua. Nikasimama. Nikatafuta mlango. Lakini nitatoka niende wapi? Hapa ndipo nyumbani. Mbele yangu kulikuwa na lango la miiba na nyika, na nyuma ya boma alikuwa yeye, na mama alikuwa katikati ya viti, amebeba birika, anamjazia mtu kikombe. Kama nikikimbia, nani atabaki hapo na mama? Nikakaa tena.

Dakta akasoma majina yake yote matatu, kwa heshima, polepole.

Hakuna aliyejibu. Wote waliinamisha vichwa. Dakta akainua macho, akashangaa, akangoja. Na Kahiga, maskini Kahiga, aliyekuwa amekaa nyuma akipuliza chai yake, hakuwa anasikiliza sana. Akasikia kimya, akakumbuka wajibu wake wa darasani.

"Yuko!" akaitikia, kwa nguvu.

Mama aligeuka akatazama langoni.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, watu husema hivyo wakipita, wakienda zao. Mimi niliuona usoni mwa mama. Kwa muda mfupi sana uso wake ulikuwa ule wa zamani, ule wa jioni ng'ombe wakirudi, akimtafuta mmoja nyuma ya kundi ili amkaripie kwa kuchelewa. Aliangalia lango lote, upande huu na upande ule. Chai ilikuwa inamwagika chini kutoka kwenye birika na hakujua.

Halafu hapakuwa na mtu.

Kahiga alikuwa amejifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Mumbi alikuwa analia. Dakta alitutazama mmoja mmoja, akamtazama mama, akatazama lango, na nikaona yanamwingia polepole, yote, ofisi na boksi la tishu na mlango nilioubamiza.

Mama aliweka birika chini. Alijipangusa mikono kwenye nguo. Alipozungumza, alizungumza Kiswahili, kile kidogo alicho nacho, ili mwalimu asikose kuelewa.

"Hayuko, mwalimu," akasema. "Huyo hayuko. Andika hivyo."

"Mama, nisamehe," Dakta akasema. "Mama, mimi sikujua."

"Andika." Alingoja mpaka akaona kalamu imegusa karatasi. Hajui kusoma, lakini aliangalia mpaka mwisho. Kisha akaja akasimama nyuma ya kiti changu, akaweka mkono juu ya kichwa changu, na mkono ulikuwa mzito. "Sasa ita huyu mwingine. Huyu iko."

Dakta alifungua mdomo, jina langu likakataa kutoka. Kwa hivyo sikungoja kuitwa.

"Niko," nikasema.

Alifundisha mpaka jua likashuka, kama alivyoahidi, na hakuna anayekumbuka alifundisha nini. Mtihani nilifanya Jumatatu. Mama hajawahi kulitaja jambo lile tena, wala mimi. Lakini jioni nikiwa nyumbani, ng'ombe wakirudi, yeye siku hizi huketi amegeuzia lango mgongo, na mimi huketi mbele yake, ili akiinua macho anione.